Dawa ya Akili Msimu wa Mitihani

 

Msimu wa mitihani umefika. Darasa la saba wanafanya wao Septemba, kidato cha nne zamu yao ni Novemba, na shule nyingi zimekwisha kuweka kambi: watoto wanalala shuleni, wanapiga msuli hadi usiku wa manane, kisha wanaamshwa saa kumi alfajiri wasome tena. Msimu huu una biashara yake. Panda basi la Muleba pale stendi ya Bukoba, na kabla halijaondoka utamwona mchuuzi akipanda na mkoba begani. Anasalimia abiria kwa adabu zote, halafu anatoa kopo. Vidonge vya kuongeza kumbukumbu. Mtoto akimeza, alichosoma hakitoki. Kopo lina picha ya kichwa cha mtu kinachotoa mwanga, na maandishi ya lugha ambayo hakuna hata mmoja ndani ya basi anayeisoma. Bei inaanza juu, na kila dereva anapokanyaga mafuta inashuka. Akina mama wawili watatu wananunua.

Ninawaelewa akina mama hao. Mzazi aliyeuza kahawa yake kwa butura, ikiwa bado maua mtini, ili alipe mchango wa kambi, hawezi kushindwa kuongeza elfu chache akiambiwa ndizo zitakazomfanya mwanawe ashike masomo. Lakini fedha hizo zinauma, na wakati mwingine kinachonunuliwa kinamdhuru mtoto yuleyule. Kwa hiyo jioni hii nataka tuzungumze juu ya dawa za akili: kipi kinafanya kazi, kinafanya nini hasa, na kwa nini watoto wetu wa Kagera wanakosa vitu vya ubongo ambavyo havihitaji kopo.

Nianze na cha kwetu wenyewe. Muda mrefu kabla kopo lolote halijafika huku, Mhaya alikuwa na kichangamsho chake: akamwani, kahawa ya kutafuna. Matunda ya robusta huchumwa yakiwa yamekomaa lakini hayajaiva barabara, yakachemshwa chunguni pamoja na majani yenye harufu, kisha yakaanikwa hadi yakawa makavu na meusi. Unatia moja mdomoni, unalivunja kwa gego. Kwanza ganda linatoa utamu kidogo na harufu ya yale majani, halafu uchungu wa punje unafuata na mate yanajaa. Mgeni akiingia nyumbani hupewa kahawa kwanza, ndipo aulizwe kilichomleta. Katika omukago, udugu wa kuchanjiana, marafiki wawili waligawana punje mbili za tunda moja zilizopakwa damu yao. Bakama, watawala wetu wa zamani, walishikilia wenyewe amri ya nani apande mibuni na nani asipande. Emin Pasha alipokuja kuweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, kahawa hii ilikuwa imekwisha kuwa bidhaa ya kusafirishwa hadi Buganda. Wazee waliitafuna safarini na vikaoni kwa sababu waliona inafukuza uchovu na kuzuia njaa. Waliona sawasawa.

Na leo hii ndiyo dawa ya akili inayotumika kuliko zote mkoani kwetu. Vijana wa bweni wananunua akamwani za kifurushi. Wengine wanachukua kahawa ya unga ile ya kuyeyusha, ambayo sisi watu wa Bukoba tunatengenezewa hapahapa kiwandani TANICA, wanailamba kavu kwa kijiko ili ipande haraka. Wengine wanachanganya na soda. Wenye fedha wanakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu, chupa mbili tatu kwa usiku mmoja. Vyote hivi, ukivua jina na lebo, ndani mna kitu kilekile kimoja: kafeini. Aliyeitenga mara ya kwanza kutoka kwenye punje za kahawa ni mkemia Mjerumani kijana, Friedlieb Ferdinand Runge, mwaka 1819, na aliyempa punje hizo azichunguze alikuwa mshairi Goethe.

Sasa sikilizeni jinsi inavyofanya kazi, maana hapa ndipo vijana wengi wanapojidanganya. Tangu unapoamka asubuhi, ubongo ukifanya kazi unazalisha kemikali iitwayo adenosini. Kadiri saa zinavyokwenda ndivyo inavyoongezeka, na kila inaponasa kwenye vipokezi vyake inakuletea uzito wa macho na hamu ya kulala. Kafeini ina umbo linalokaribiana nayo. Inawahi kiti na kukikalia, adenosini inakosa pa kukaa, nawe unajiona u macho kabisa. Lakini adenosini haijaondoka, imesimama mlangoni na inaendelea kuongezeka. Kafeini ikiinuka, inaingia yote kwa mkupuo. Ndiyo sababu kijana aliyekesha kwa kahawa anaweza kusinzia juu ya karatasi ya mtihani saa nne asubuhi, wakati maswali yako mbele yake.

Je, inaongeza kumbukumbu? Inaongeza kukaa macho, umakini na wepesi wa kuitikia jambo. Hilo halina ubishi. Kuhusu kumbukumbu yenyewe, mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitoa matokeo yaliyotangazwa sana: waliwaonyesha watu picha, wakawapa miligramu 200 za kafeini baada ya kuzitazama, na kesho yake watu hao waliweza zaidi kutofautisha picha waliyoiona na nyingine inayofanana nayo. Habari zikaenea kwamba kahawa ni dawa ya kumbukumbu. Walichopimwa ni jambo dogo sana: kutambua kwamba picha hii si ile. Mtihani wa historia unamtaka mtoto akumbuke sababu za Vita vya Majimaji, azipange na azieleze kwa hoja. Huo ni mlima mwingine.

Na robusta yetu ni kali. Punje yake ina kafeini karibu maradufu ya arabika. Mwili wa mtu mzima huchukua kama saa tano kuondoa nusu ya kafeini iliyoingia. Fanya hesabu: mtoto akinywa saa nne usiku, saa tisa usiku nusu bado imo damuni, na asubuhi anapopiga mstari kusubiri uji, robo bado ipo. Mwaka 2013 watafiti wa Detroit waliwapa watu miligramu 400 za kafeini saa sita kamili kabla ya kulala. Usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa moja, na wengi wao hawakuhisi kwamba wamelala pungufu. Hapo ndipo penye hatari. Mtoto ataapa mbele yako kwamba kahawa haimsumbui, na anasema kweli kadiri anavyojua.

Nang'ang'ania usingizi kwa sababu ndani ya usingizi ndimo masomo yanamofungwa yasitoke. Mwaka 1924, pale Chuo Kikuu cha Cornell, John Jenkins na Karl Dallenbach waliwakaririsha vijana wawili silabi zisizo na maana. Mara nyingine waliwaacha walale baada ya kukariri, mara nyingine waliwaacha wakae macho muda uleule. Walipolala walikumbuka zaidi, kila mara. Miaka mia imepita, na tafiti za mashine za kupima ubongo zimeongeza maelezo juu ya jambo lilelile: sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo hipokampasi huyarudia ya mchana wakati mtu amelala fofofo, na kuyahamishia kwenye hifadhi ya kudumu. Mwanafunzi anayelala kwa saa tatu tu usiku mzima ameyasoma mengi, kisha ameuzuia ubongo wake kuyahifadhi. Na sisi wazazi na walimu tumemsifu kwa bidii.

Kwa vijana kuna jambo la kipimo pia. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, na kwa watoto na vijana ichukuliwe miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Msichana wa kilo 45 basi kiwango chake ni 135. Kopo moja la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu kwa kawaida lina 80. Makopo mawili yamemvusha mpaka, na hapo hatujahesabu akamwani alizotafuna. Dalili zake ni mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, tumbo kuvurugika, hofu isiyo na sababu. Sasa fikiria mtoto ambaye tayari anaogopa mtihani na moyo wake tayari unadunda. Anaongezewa hofu kutoka kwenye chupa, kisha anadhani ni ugonjwa, au amerogwa.

Hapo nikumbushe jambo lililotokea kwetu, ambalo dunia nzima inalijua kuliko tunavyolijua sisi. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni pale Kashasha, upande wa Muleba, wasichana watatu walianza kucheka na hawakuweza kujizuia. Ikaenea. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa ni 95, na mwezi Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao kicheko kilikwenda nao. Nshamba peke yake watu zaidi ya 200 walipatwa, na mwezi Juni kikatokea shule nyingine karibu na Bukoba. Kilikuwa kicheko chenye kilio na woga ndani yake. Madaktari wawili, Rankin wa Makerere na Philip wa hapa Bukoba, walitafuta sumu na vijidudu katika damu na katika chakula, hawakukuta kitu. Watu walitaja unga, wakataja hewa iliyochafuliwa na mabomu ya atomiki. Walioichunguza habari hiyo baadaye wameiona kama mzigo wa nafsi uliowaelemea vijana walioishi chini ya masharti makali ya bweni, mbali na kwao, nchi ikiwa imepata uhuru juzijuzi na kila mtu akitarajia makubwa kutoka kwao. Ninalitaja kwa sababu tuna tabia ya kutafuta kitu cha kumeza, kibaya au kizuri, kinachoeleza yaliyomo kichwani mwa mtoto, wakati mwingine mtoto mwenyewe amelemewa na hakuna aliyemuuliza.

Turudi kwenye makopo. Sitakaa hapa sana. Kundi la dawa zinazoitwa nootropiki lilipewa jina hilo mwaka 1972 na Corneliu Giurgea, mkemia Mromania aliyefanya kazi Ubelgiji, aliyekuwa ametengeneza pirasetamu mwaka 1964. Aliota dawa itakayosaidia kujifunza bila kuleta madhara. Zaidi ya nusu karne baadaye, kwa mtu mwenye afya ndoto hiyo haijathibitika. Majani ya ginkgo, ambayo yamo katika vidonge vingi vya kumbukumbu vinavyouzwa huku, yalijaribiwa Marekani kwa wazee 3,069 wa miaka 75 na zaidi. Walimeza miligramu 120 mara mbili kwa siku, wakafuatiliwa kwa miaka kama sita. Matokeo yalitoka mwaka 2008: ginkgo haikuzuia ugonjwa wa kusahau kuliko kidonge kisicho na dawa.

Vipo vikali zaidi. Methilifenideti hutolewa na daktari kwa watoto wenye tatizo la kutotulia na kukosa umakini, na modafinili kwa watu wanaopitiwa na usingizi mchana bila kujizuia. Kwa wagonjwa hao zina kazi yake halali. Lakini wanafunzi wa vyuo duniani kote wanazimeza bila ugonjwa, na huku kwetu nako majina yake yameanza kutajwa. Mwaka 2023 yalichapishwa majaribio ya watu 40 wenye afya waliopewa dawa za namna hii, kisha wakatakiwa kutatua fumbo gumu la kuchagua vitu vya kujaza mkoba bila kuzidisha uzito. Walijitahidi zaidi, walihangaika zaidi, walitumia muda mwingi zaidi, na majibu yao yakawa duni.  Mirungi nayo ni kichangamsho cha namna hiyo, na juu ya hayo sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inaikataza, kwa hiyo kijana anaweza kupoteza mtihani na uhuru wake kwa pamoja.

Mzazi anayeshika kopo lolote aangalie kama limeandikwa jina la kiambato, kiasi chake, mtengenezaji, na tarehe ya mwisho. Duka la dawa lenye mfamasia linajua kipi kimesajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA, na kipi hakijasajiliwa. Muuzaji wa basi akiulizwa maswali hayo hugeukia abiria wa kiti kinachofuata.

Sasa nifike kwenye yale yanayoniuma zaidi.

Hapa kwetu tunakula vizuri, ndivyo tunavyojiambia. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, mgomba nyuma ya nyumba, ziwa mbele. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta takriban watoto 4 kati ya 10 wa Kagera walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kitaifa zaidi ya nusu ya watoto wa umri huo walikuwa na upungufu wa damu. Ndizi inashibisha, lakini madini chuma yake ni machache. Damu ikipungua, ubongo unakosa hewa ya kutosha, mtoto anakaa darasani macho wazi na haingii kitu. Mwalimu anamwita mzembe. Msichana aliyeanza hedhi ndiye anayepata shida zaidi. Na hapa kahawa inarudi kwa mlango wa nyuma: kahawa au chai nzito ikinywewa pamoja na mlo huzuia madini chuma ya maharage na mboga yasifyonzwe, kahawa kwa zaidi ya theluthi, chai kwa zaidi ya nusu. Mtoto anayeteremshia maharage yake kwa kikombe cha chai ya rangi ili asilale, anajipokonya kile ambacho kingempa nguvu ya kusoma. Kinyume chake, kipande cha limau, chungwa, au nanasi baada ya maharage kinasaidia madini hayo kuingia. Na dagaa wa ziwa letu, wanaoliwa wazima na vichwa vyao, wana chuma, zinki na vitamini B12 ambazo ubongo na damu vinazihitaji. Fungu la dagaa sokoni halifiki bei ya kopo la basini.

Kingine ni malaria, na juu ya malaria Muleba haina haja ya kusimuliwa. Wapo wanaosikiliza sasa hivi waliozika watu katika mlipuko ulioifuata mvua ya El Niño ya 1997 na 1998. Lakini tumezoea kuihesabu malaria kwa vifo, hatuhesabu inachokula kichwani mwa waliopona. Nchini Kenya, wilaya ya Bondo, ng'ambo ya pili ya ziwa hilihili, watafiti walichukua shule 30 za msingi na kuwapa watoto wa baadhi ya shule hizo dawa ya malaria mara moja kila muhula, wawe wanaumwa au la. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Upungufu wa damu ulipungua kwa karibu nusu, na watoto waliotibiwa walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya umakini darasani. Fikiri hilo kwa uzito wake: watoto ambao hawakuonekana wagonjwa, wanaocheza na kukimbia, walikuwa wamebeba vimelea vilivyowapokonya umakini. Mwaka mmoja wa kidonge hicho haukutosha kupandisha alama zao za mitihani, na watafiti walilisema hilo wazi. Umakini ulirudi, na mtoto mwenye umakini angalau ana pa kuanzia.

Na kinga tunayo, tena ilipimwa hapahapa. Kuanzia mwaka 2015 vijiji vya Muleba vilifanyiwa jaribio kubwa la vyandarua, likiendeshwa na taasisi ya utafiti wa tiba ya NIMR na chuo cha tiba cha KCMC cha Moshi pamoja na wenzao wa London. Mbu wetu walikuwa wamekwisha kuzoea dawa ya kawaida ya vyandarua. Kikaletwa chandarua kilichoongezewa PBO, kemikali inayomzuia mbu asiivunjevunje ile dawa mwilini mwake. Mwisho wa mwaka wa kwanza, penye chandarua cha kawaida watoto 42 katika kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Penye kile kipya walikuwa 29. Mwisho wa mwaka wa pili ilikuwa 68 kwa 46. Matokeo hayo ya Muleba yalilifanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 lipendekeze vyandarua vya aina hiyo kwa maeneo yenye mbu sugu. Watoto wa nchi nyingi za Afrika wanalala chini ya chandarua kilichothibitishwa kwa damu ya vidole vya watoto wa Muleba. Kisha unaingia kwenye bweni la wavulana, unakuta vyandarua vimefungwa fundo juu ya vitanda kwa sababu vinaleta joto, vingine vimechanika, vingine vimekwenda kufunikia miche ya kahawa.

La tatu ni chumvi. Mama mjamzito akikosa madini joto, tezi ya shingo haifanyi kazi sawasawa na ubongo wa mtoto aliye tumboni haujengeki inavyopasa. Upungufu ukiwa mkali mtoto huzaliwa na ulemavu wa akili usiorudishwa na dawa yoyote duniani. Kuanzia mwaka 1986 hadi katikati ya miaka ya 1990 Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika sana na rovu. Wachumi watatu, Field, Robles na Torero, waliandika mwaka 2009 kwamba watoto waliokingwa na vidonge hivyo wakiwa tumboni walifika mbele zaidi shuleni, kati ya theluthi moja na zaidi kidogo ya nusu mwaka wa masomo, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Baadaye watafiti wa Sweden walizirudia hesabu zao na kuona tofauti si imara kama ilivyosemwa. Wanaweza kuendelea kubishana juu ya ukubwa wa faida. Kwamba ubongo wa mtoto tumboni unahitaji madini joto, hilo madaktari hawabishani. Sheria inataka chumvi iwekwe madini joto, nawe mama hakikisha pakiti imeandikwa hivyo. Nyumbani itie kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moshi wa jikoni na jua, na uitie chumvi chakula kikikaribia kuiva, kwa sababu madini hayo yanapotea kwa moto mrefu. Chumvi ya mawe isiyo na lebo, inayopimwa kwa kopo sokoni, mara nyingi haina kitu hicho.

Wakuu wa shule wananisikiliza, najua, na wajumbe wa bodi pia. Nina ombi kwenu, na ninaliomba kwa heshima. Kabla ya kikao kijacho cha kambi kuzungumzia idadi ya mazoezi kwa wiki, tazameni kwanza saa ya taa kuzimwa. Kijana wa kidato anahitaji kama saa nane za usingizi na zaidi. Kambi inayomlaza saa sita usiku na kumwamsha saa kumi inampa saa nne. Taa zizimwe saa nne usiku na kengele ipigwe saa kumi na mbili, na muda wa asubuhi upangwe kwa kurudia yale aliyosoma jana, maana ndiyo yaliyohifadhiwa usiku. Matroni na patroni wapite vitandani kukagua vyandarua kama wanavyokagua sare. Uji wa asubuhi ukitiwa dagaa waliosagwa kidogo, au karanga, unakuwa chakula. Na mtoto mwenye weupe ndani ya kope za macho, anayechoka kupanda ngazi, apelekwe zahanati apimwe damu kabla hajaitwa mvivu.

Nawe kijana unayenisikiliza kwa simu chini ya blanketi, nikuambie ya usiku wa mtihani. Acha kahawa kuanzia saa nane mchana. Rudia madokezo yako kwa kujiuliza maswali na kujijibu bila kutazama daftari, kwa sababu kusoma mstari uleule mara kumi kunakupa hisia ya kujua, na kujiuliza ndiko kunakofanya kitu kikae. Saa tatu na nusu funga daftari. Asubuhi, ukitaka kikombe kimoja baada ya uji, kunywa, usiwe na wasiwasi. Hakuna ubaya, na wazee wetu wasingekukataza. Lakini kama kwa wiki nyingi umekuwa ukitafuna na kunywa kila usiku, usiache kwa ghafla mkesha wa mtihani. Mwili uliozoea kafeini ukinyimwa huleta kichwa kuuma, uzito na hasira, kuanzia siku ya kwanza hadi siku kadhaa, wengine hata wiki. Anza kupunguza leo: kama ni vikombe vitatu, viwe viwili kwa siku tatu nne, kisha kimoja, kisha kile cha asubuhi tu. Kwa wa darasa la saba siku zimebaki chache, basi wapunguze polepole zaidi. Wa kidato cha nne mna muda wa kutosha kabla ya Novemba.